Ndiyo ya Bi Mwanamize

Barua ya gazeti la mtaa ilifika Jumanne asubuhi, zimebaki wiki mbili na siku mbili kura zipigwe, na Jagjit aliisoma amesimama pale pale mlangoni, koti la mvua halijavuliwa. Alipoimaliza aliirudia. Akaisogeza karibu na miwani, labda yale maandishi madogo ya chini yangemwokoa, kisha akasema, "Mama Mize, hawa watu wametumaliza."

"Wametumaliza vipi, na hata kura hatujapiga?" Bi Mwanamize alikuwa anakunja vipeperushi juu ya meza ya jikoni, mia tatu vimekwisha, mia tano vinamngoja. "Lete hapa."

Alisoma mwenyewe. Gazeti liliwauliza wagombea wote wa udiwani wa kata zile maswali sita. La kwanza takataka, la pili mabasi, la tatu lifti mbovu za maghorofa ya Newtown, la nne polisi, la tano maegesho. Hayo yote angeyajibu usingizini. La sita ndilo lililomkausha Jagjit: je, ungeunga mkono sheria ibadilishwe ili watu wa jinsia moja waruhusiwe kufunga ndoa kamili? Chini yake visanduku viwili, Ndiyo na Hapana. Majibu yafike Alhamisi. Yatachapishwa, na picha ya kila mgombea pembeni, wiki moja kamili kabla ya uchaguzi.

Huo ulikuwa mwaka 2006, mjini Birmingham, Uingereza. Miezi minne nyuma, mwezi wa Desemba, serikali ilikuwa imeanza kuwaandikisha wanaume wawili au wanawake wawili wanaoishi pamoja, ikawapa karibu haki zote za mume na mke, ila neno lenyewe la ndoa ikalikwepa. Sasa gazeti lilitaka kujua nani atalitamka na nani atalimeza.

"Diwani na ndoa wapi na wapi?" Jagjit alilalama. "Kazi ya councillor ni bins, bana! Sheria ya ndoa inatungwa London. Hawa wanataka kuuza gazeti tu."

Huyu Jagjit alikuwa wakala wa kampeni wa Bi Mwanamize, diwani anayetetea kiti chake, Singasinga mzaliwa wa Kisumu, fundi mitambo aliyekula miaka thelathini katika viwanda vya Tyseley na sasa, akiwa mstaafu, hakujua la kufanya na nguvu zilizobaki. Yeye na Bi Mwanamize walizungumza Kiswahili hata mbele ya wakubwa wa chama, kila mmoja na Kiswahili chake, yeye cha Kisumu, mama cha Unguja. Wakubwa walihisi wanapikiwa njama. Na kweli, mara nyingi walikuwa wanapikiwa.

"Sasa skiza," akasema, hatimaye akivua koti. "Last time umeshinda kwa kura ngapi?"

"Arubaini na moja. Unaniuliza kila siku, na kila siku nakujibu."

"Arubaini na moja. Na Jumuiya ya kaka yako imekuletea ngapi? Mia na themanini. Hao ni watu wa msikiti, Mama. Ukiweka alama kwa Ndiyo, kwisha. Ukiweka kwa Hapana, vijana wa chama watakutoa roho. Acha wazi. Nimeshapiga simu nikiwa kwa njia. Yule wa upinzani anaacha wazi. Wale wengine wawili, wanaacha wazi. Hata mwenzetu wa kata ya pili, yule anayeenda na hao wa jinsia moja kwa maandamano na bendera, anaacha wazi! Ameniambia, moyoni mwangu ni Ndiyo, lakini baada ya uchaguzi."

"Moyoni mwake," Bi Mwanamize alisema. "Haya."

Akachukua kalamu ile ile aliyokuwa akiandikia anwani, akaweka alama kwenye kisanduku cha Ndiyo. Hakufikiri zaidi, kwa sababu kufikiri alikuwa amekwisha fikiri tangu Novemba. Jagjit alitazama ile alama kama mtu anayetazama sahani ikidondoka.

Ili mjue kwa nini mwanamke wa miaka hamsini na minne, anayefunga Jumatatu na Alhamisi na aliyekwenda umra juzi juzi, aliweka alama pale, lazima mjue kwanza kazi yake ya asili. Bi Mwanamize alikuwa mwalishi. Kwao, mtu akiwa na harusi au akifiwa, hapeleki kadi. Anamtuma mwalishi, naye anajifunga kanga zake na kupita mlango kwa mlango. Mama yake alikuwa mwalishi, na bibi yake. Kazi ina masharti. Mwalishi hachagui milango: akimruka mtu, hata kwa kusahau, ugomvi wake hauishi. Na maneno ni yale yale kwa kila mtu, kwa tajiri na kwa mchuuzi, hayaongezwi sukari wala hayapunguzwi. Harusini anataja bibi harusi na saa ya nikaha. Msibani anataja maiti, maziko, na mfiwa, yaani yule wa kupewa mkono wa pole. Hapo ndipo watu wanapokwenda. Asiyetajwa haendewi.

Birmingham alifika na kazi yake hiyo hiyo. Jengo lake la Newtown lilikuwa la ghorofa kumi na mbili, limejaa Wajamaika, Wasomali, Waairishi na Waingereza wazee, na kabla hajawa hata mwanachama wa chama chochote alikuwa amekwisha wazoesha wote. Akifa mtu ghorofa ya tisa, yeye anagonga kuanzia ya kwanza. Mwanzoni walidhani anauza kitu. Baadaye wakawa wanamsubiri. Udiwani wenyewe ulitokana na miguu hiyo; siku chama kilipotafuta mtu anayejulikana kila mlango, nani mwingine angepatikana?

Basi ghorofa ya saba waliishi wanaume wawili, Bwana Billow na Bwana Ogle. Miaka thelathini na mmoja katika fleti moja. Billow mnene, mcheshi, dereva wa lori mstaafu. Ogle mwembamba, mkimya, aliyekuwa akifanya kazi maktaba. Kila mtu alijua na hakuna aliyesema. Bi Mwanamize naye alijua na hakusema. Novemba, wiki tatu kabla ya sheria ile mpya kuanza, Billow alianguka dukani akafa.

Bi Mwanamize alijifunga kanga zake akaanza kazi. Na hapo ndipo alipokosea kosa ambalo mwalishi pekee ndiye anayeweza kulikosea. Alijiuliza mfiwa ni nani, na ulimi wake, kwa miaka yote ya mafunzo, ukatafuta damu: Billow alikuwa na dada, anakaa Shard End, huko mwisho wa mji. Akataja dada. Mlango kwa mlango, ghorofa kumi na mbili, maneno yale yale: Bwana Billow amefariki, maiti yake itachomwa Jumatano, mfiwa ni dada yake wa Shard End, anwani hii. Alipofika ghorofa ya saba, hata mlango wa Ogle aliugonga, akamwambia Ogle mwenyewe maneno hayo hayo. Ogle alisema asante.

Watu wakatii. Jengo zima lilipanda mabasi mawili kwenda Shard End kumpa mkono mwanamke ambaye hakuwa amemwona kaka yake tangu harusi ya binti wa Malkia, miaka thelathini na ushei nyuma. Kwenye mazishi Ogle aliketi safu ya nne. Kesho yake Bi Mwanamize alipita ghorofa ya saba kwa jambo la lifti, akamkuta Ogle sebuleni amevaa suti, na mezani vikombe kumi na vinne, amevipanga, na pakiti nne za biskuti zimefunguliwa. Zilikuwa zimelainika.

"Nilidhani watu watakuja," Ogle alisema. Hakuwa amekasirika. Alikuwa anaeleza tu kwa nini meza imejaa.

Bi Mwanamize alilia siku ile, alilia kwa sauti, kwenye ngazi za jengo kwa kuwa lifti ilikuwa imeharibika. Si kwa huruma tu. Alilia kwa aibu. Mfiwa alikuwa mbele yake, amegonga mlango wake kwa mkono wake mwenyewe, na akampa habari za mfiwa mwingine! Mama yake angekuwa hai angemvua kanga.

Hayo yote alimwambia Jagjit jikoni siku ile ya barua, akiendelea kukunja vipeperushi. Jagjit alisikiliza, akafuta miwani, kisha akasema jambo la busara, maana hakuwa mtu mbaya. "Mama, mimi naelewa. Lakini Ogle ni mmoja. Ukishindwa, nani atatengeneza lifti?"

"Jagjit, lifti haijatengenezwa na nimo humo miaka miwili."

"Basi fikiria tena mpaka kesho."

"Kesho ni yale yale. Tia kwenye bahasha."

Ishaka alikuja Jumatano baada ya adhuhuri. Kaka yake huyu, mkubwa wake kwa miaka sita, ndiye mwenyekiti wa Jumuiya ya Watanzania na watu wa Visiwani pale mjini, mtu wa kofia iliyopigwa pasi na sauti ya taratibu, na habari alizipata kwa sababu Jagjit, kwa kukata tamaa, alimpigia simu. Hakuketi mpaka alipoambiwa aketi mara mbili. Hiyo ilikuwa dalili.

"Mize," alisema, "nasikia kalamu imekuponyoka."

"Haijaniponyoka, kaka. Niliishika vizuri sana."

"Astaghfirullahi. Wewe mtoto wa nani?"

"Wa baba yako. Kaka, ndoa ya msikitini ni ya msikiti, na hakuna mtu atakayeigusa, na akija kuigusa mimi ndiye wa kwanza kumzuia. Mimi nasema ya serikali. Ya karatasi. Ya kwamba mtu akifiwa, ijulikane ni nani aliyefiwa."

"Na kwa nini lazima useme? Kuna aliyekushika shingo? Kaa na lako moyoni, Mungu anajua yaliyomo moyoni." Ishaka aliinama mbele. "Mimi nimewaahidi watu. Nimesema dada yangu ni mtu wa kuaminika. Tuna maombi ya ukumbi, tuna maombi ya makaburi yetu. Miaka ishirini tunaomba, leo tuna mtu ndani ya halmashauri, na unakwenda kumtupa nje kwa ajili ya mzee mmoja wa Kizungu?"

Hilo lilimchoma, kwa sababu lilikuwa kweli. Ukumbi ulikuwa karibu kupatikana. Kiti chake kilikuwa ndicho mkono pekee wa watu wake mle ndani, na yeye ndiye aliyekuwa anakiweka rehani. Alijua hivyo, na usiku na mchana wa wiki ile hakuna alichokijua zaidi ya hicho. Alimmiminia kaka yake chai kwanza ndipo akajibu.

"Nikiacha wazi, kaka, nitapita kwenye milango yao na maneno nusu. Hapa nitanyamaza, kule nitachekacheka. Sijui kazi hiyo. Kazi ninayoijua mimi ina maneno yale yale kwa kila mlango."

"Basi hutapata kura ya Jumuiya."

"Nitaiomba hata hivyo," alisema Bi Mwanamize. "Mlangoni."

Na ndivyo alivyofanya. Gazeti lingetoka Alhamisi ya wiki iliyofuata, kwa hiyo alikuwa na siku saba za kuwahi. Hakutaka mtu hata mmoja wa watu wake ayasome gazetini kabla hajayasikia kwake. Alichukua daftari lake la harusi, lile lenye nyumba zote za Waswahili wa kata, akajifunga kanga, akaanza. Jagjit alimfuata na mwavuli, ananung'unika. "Duniani kote," alikuwa akisema, "watu wa kampeni wanagonga kuomba kura. Mimi tu peke yangu ndiye niko na candidate anayegonga kuzikataa."

Kila mlango maneno yale yale. Assalamu alaikum, nakuja kwa nafsi yangu, sikutumwa. Alhamisi mtasoma gazetini kwamba nimeunga mkono serikali iwaruhusu watu wa jinsia moja kufunga ndoa. Ni kweli nimesema. Dini yangu ni ile ile. Naomba kura yako hata hivyo.

Wengine walifunga mlango kabla hajafika kwenye dini. Mwalimu wa madrasa alimsikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mungu akuongoe," akafunga taratibu, na huo ndio mlango uliomuuma zaidi. Kijana mmoja aliyezaliwa hapa hapa alimjibu, "Yeah, cool, Auntie," halafu akaita ndani, "Mum! It's the councillor!" na mama mtu alipotoka uso ulikuwa umekwisha badilika. Nyumba moja walimuuliza kama amelipwa. Nyingine walimkaribisha wali, wakala naye, wakamwambia kwa upole kabisa kwamba hawatampigia.

Kwa Bi Aida, aliyekwisha sikia kisa cha Ogle tangu Novemba, alikaa nusu saa. Huyu alikuwa bibi wa miaka sabini na tatu, mkali, mwenye fimbo na mafua ya kudumu, na ndiye aliyemfunda Bi Mwanamize alipoolewa.

"Mwanamke mzima wewe," alifoka Bi Aida, "unazunguka na mvua kutangaza mambo ya vyumbani mwa watu! Si ungeficha? Sote hapa tuna yetu tunayoficha."

"Najua, Bi mkubwa."

"Hujui. Ungejua usingekuja." Akapiga chafya, akajifuta. "Na huyo mzee wa biskuti, anaendeleaje?"

"Yupo. Hatoki sana."

"Sikubaliani na wewe hata chembe. Toka, uniachie nipumzike."

Daftari lilipokwisha alipanda ghorofa ya saba. Maneno yale yale, kwa Kiingereza. Ogle alimsikiliza ameshika mlango, akasema, "Diwani, utashindwa. Usifanye hivyo kwa ajili yangu."

"Nafanya kwa ajili yangu," alimjibu. "Nilitangaza uongo katika jengo hili, ghorofa zote kumi na mbili. Naomba kura yako."

Gazeti lilitoka. Kwa kata yake, wagombea wanne, picha nne. Kwenye swali la sita, watatu wameandikiwa "Hakujibu", na chini ya uso wa Bi Mwanamize, ametabasamu na ushungi wake wa kijani, "Ndiyo." Simu iliita mpaka ikaisha chaji. Wengine walimtukana, wengine, watu asiowajua hata kidogo, wakampongeza. Mwenzake wa kata ya pili, yule wa moyoni, alimpigia kumwambia jinsi alivyo jasiri. Bi Mwanamize alimuuliza kama gazeti limeisha kurasa, kwani bado anaweza kuandika barua. Jamaa akasema anaingia kwenye mkutano.

Siku ya kura ilikuwa na manyunyu. Kituo kilikuwa shule ya msingi, na Bi Mwanamize alisimama nje ya geti tangu asubuhi na beji ya chama kifuani, akisalimia kila aingiaye, aliyeitikia na asiyeitikia. Saa kumi alasiri basi dogo la Jumuiya, lile linalopeleka wazee hospitali, lilikata kona likasimama. Kupitia vioo aliona nyuso anazozijua zote. Watu kumi na sita, alihesabu. Jagjit naye alihesabu.

Ishaka aliteremka peke yake, akafunga mlango nyuma yake, akamvuta dada yake pembeni kwenye ukuta.

"Nimetafuta njia," alisema haraka. Macho yake yalikuwa mekundu. Hakuwa amelala vizuri, na Bi Mwanamize alimwonea huruma. "Nimewaambia gazeti limekosea. Wamechanganya picha. Magazeti hukosea kila siku, si ndiyo? Wamekubali. Hao ni wale ambao hukuwakuta majumbani, na wengine uliowakuta lakini nimewaambia hukueleweka. Wewe husemi kitu. Unasimama tu pale, unawapa mkono, wanaingia. Nikitoka hapa narudia safari ya pili, na ya tatu. Mize, sikuombi useme uongo. Nakuomba unyamaze."

Jagjit, hatua tano pembeni, alikuwa amefumba macho na midomo inacheza. Kama alikuwa anaomba dua, basi dua yenyewe ilijulikana.

Bi Mwanamize alimtazama kaka yake. Alimpenda. Mtu huyu ndiye aliyemlipia nauli ya kuja Ulaya, ndiye aliyemzika mumewe, na leo alikuwa amesema uongo mbele ya watu kumi na sita, yeye asiyesema uongo, ili amwokoe. Kiti kilikuwa pale, ndani ya basi, kimekaa kwenye viti vyake. Kunyamaza tu. Miguu yake ilitamani sana kubaki pale pale ukutani.

"Allah akulipe, kaka," alisema, na akaenda akafungua mlango wa basi mwenyewe, akapanda ngazi ya kwanza.

"Assalamu alaikum. Gazeti halikukosea. Nilisema Ndiyo, na leo nikiulizwa tena nitasema Ndiyo. Kaka yangu ananipenda, ndiyo maana amewaambia vile. Mimi pia nawapenda, ndiyo maana nawaambia hivi. Naomba kura zenu hata hivyo."

Mtu mmoja nyuma akasema, "La haula." Kisha ikasikika fimbo. Bi Aida alikuwa anajivuta kutoka kiti cha pili, anagombana na mkanda.

"Nipisheni. Mimi aliniambia mlangoni kwangu, mapema, na wala hakunidanganya kitu. Wewe Ishaka ndiye uliyenileta hapa na maneno ya picha. Niteremsheni, nina kura yangu." Aliteremka, na wanawake wawili wakamfuata, hawamtazami mtu. Walimpigia nani, hakuna ajuaye mpaka leo, na kumuuliza Bi Aida ni kutafuta fimbo.

Kumi na watatu walibaki wameketi. Ishaka aliwatazama, akamtazama dada yake, akapanda, akageuza basi. Safari ya pili haikuja, wala ya tatu.

Alishindwa kwa kura tisa. Wasimamizi walihesabu mara mbili, zikawa tisa. Jukwaani alimpa mkono mshindi, kijana mmoja mwenye tai mpya ambaye swali la sita aliliacha wazi, akamwambia lifti ya jengo lake ina namba ya malalamiko na namba yenyewe ni hii, aandike. Kijana aliandika. Jagjit alilia waziwazi ukumbini, kilemba na yote, na Bi Mwanamize ndiye aliyembembeleza.

"Tisa, Mama. Basi lilikuwa na kumi na sita."

"Najua kuhesabu, Jagjit. Twende nyumbani."

Jumamosi mchana Ishaka alibisha hodi. Bi Mwanamize alikuwa anang'oa mabango yake dirishani, na alimfungulia na mkasi mkononi. Safari hii kaka mtu aliketi bila kuambiwa. Akawa anaizungusha kofia yake magotini.

"Nimekuja kukupa pole," alisema.

"Nimepoa."

"Watu wanasema mengi. Ukumbi sijui utakuwaje." Kisha akashusha sauti, ingawa nyumbani mlikuwa na wao wawili tu na birika. "Mize, nataka ujue jambo. Juzi niliwarudisha wote majumbani, nikaliegesha basi, halafu nikarudi kituoni peke yangu, kwa miguu. Mimi nilikupigia."

Bi Mwanamize aliweka mkasi mezani.

"Ulinipigia mimi?"

"Nilikupigia. Nilipokusikia kwenye ngazi ya basi, nikasema moyoni, huyu ndiye mtu wa kumweka ndani. Lakini usimwambie mtu, dada yangu. Nakuomba. Lako na langu."

Alikuwa amengoja shukrani, masikini, ilionekana usoni. Na kwa kweli mapenzi yalimjaa Bi Mwanamize, yakapanda pamoja na hasira, hasira ambayo siku zile zote, kwa milango iliyofungwa na simu za matusi, hakuwa ameisikia hata mara moja.

"Kumi na watatu, kaka," alisema. "Walikuwa wanakutazama wewe. Hawakuwa wananitazama mimi, walikuwa wanakutazama wewe. Ungeteremka tu. Hata usingesema neno, ungeteremka tu mbele yao."

Ishaka aliivaa kofia, akaivua tena.

"Mwakani kuna kiti kingine kinagombewa. Fomu nimeshaagiza. Nitaanzia mlango wako, na nitakuomba kura yako mbele ya mkeo na wanao, kwa sauti." Alimsukumia kikombe cha chai. "Uwe na jibu."